Naombeni ushauri: kompyuta ya kurushia ndege nyumbani

Wakuu, hamjambo. Niko Mamboleo, Kisumu, na ugonjwa wangu ni kurusha ndege kwenye kompyuta. Microsoft Flight Simulator 2024 imeishinda mashine yangu kabisa. Nikija kutua Kisumu kutokea ziwani, juu ya maji mambo ni laini, ila nyumba za mjini zikianza kuonekana picha inakwamakwama, na nikishtuka ndege imeshajibamiza kwenye lami. Mke wangu hunipa pole za abiria kila jioni.

Sasa hivi nina RAM ya GB 16, kiwango cha chini kabisa cha mchezo huo. Wenyewe wanapendekeza 32. Hapo sina swali. Kinachonitatiza ni hivi: nina shilingi 200,000, je, nizilaze zaidi kwenye prosesa au kwenye kadi ya grafiki? Fundi mmoja wa mjini anasisitiza kadi kubwa tu, basi. Mimi naona penye majengo mengi prosesa ndiyo huchoka kwanza, kwa hiyo naitamani Ryzen 7 7800X3D yenye kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96, pamoja na kadi ya RTX 4070 ya mtumba yenye GB 12. Skrini yangu ni ya 1440p, 4K sina haja nayo.

Joto la huku mnalijua, na stima hukatika bila hodi. Kipoza cha feni kitatosha, au lazima cha maji? Na UPS (betri ya akiba stima ikikatika) ya ukubwa wa VA ngapi itanipa dakika kumi za kutua na kuzima taratibu?