Lambo la enzi ya mkoloni linataka kugeuzwa majaruba, nianzie wapi kulitetea?

Wakuu, heshima kwenu. Kijijini kwetu wilayani Kwimba kuna lambo, yaani bwawa la kukinga maji ya mvua, lililojengwa wakati wa ule Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947, makao yake yakiwa Malya. Kabla ya malori, ng'ombe walioswagwa kwenda mnadani walinyweshwa hapo, na waswagaji wakalala kando yake. Sasa limejaa tope, kiangazi linakauka. Serikali ya kijiji inataka kuligawa majaruba ya mpunga. Mimi nauona ni urithi. Je, watu wa Mambo ya Kale wanaweza kulilinda?

Kabwela wa Bariadi:
Mkuu, mpunga ni chakula. Lambo lisilo na maji mnamtunzia nani?

Mzee Ntuzu:
Kabwela, hapo kabla ya lambo wanawake walifukua mchanga wa mto usiku kucha kutafuta ndoo moja. Wazee waliobeba udongo wa tuta, ule ukuta unaozuia maji ya lambo, wachache bado wapo. Mleta uzi, warekodi sauti zao kwanza, mengine yatafuata.

Karani Mstaafu:
Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vilivyojengwa kabla ya 1863. Lambo lenu bado changa, labda waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Barua andika, ila usiisubiri. Shika Sheria ya Mazingira ya 2004: hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye bwawa. Halafu pelekeni sheria ndogo mkutano mkuu wa kijiji, ikathibitishwe na halmashauri.

Fundi Tuta:
Nimefukua malambo miaka mingi, naomba mnisikilize. Tope linatoka, tena ni mbolea nzuri kwa hayo majaruba, yakae chini ya tuta na nje ya hizo mita 60. Hatari ni kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kuchimba kupita kiasi: chini kuna tabaka la mfinyanzi, ukilitoboa maji yote yanazama. Chimbeni mashimo ya majaribio kwanza. Miti iliyoota juu ya tuta ing'oeni ikiwa michanga, maana mizizi ikioza inaacha njia za maji. Njia ya kumwaga maji ya ziada isizibwe hata kidogo, mvua kubwa moja inabeba tuta zima. Na ng'ombe wasiingie ndani: wekeni bomba na birika la kunyweshea upande wa chini. Kabla ya yote, nendeni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria.

Kabwela wa Bariadi:
Kama majaruba yanapata mahali pake chini ya tuta, sina neno.

Mleta uzi:
Asanteni sana. Jumamosi naanza na wazee, ninao majina. Fundi, hayo mashimo ya majaribio tuchimbe kina gani, na katikati au pembeni?

Fundi Tuta:
Kote kuwili, mkuu. Simama pale udongo unapobadilika rangi na kuanza kunata mkononi. Kina hicho ndicho mwisho wa kijiko.