Ukoo wa Babu wa Hombolo 🍇

*Jumamosi*

20:47 Mama Joshua: Habari za jioni ndugu zangu. Tangu Jumatano naandika kuhusu kitambaa cha sare. Neema anaondoka Istanbul kesho usiku. Tiki za bluu nimezihesabu, mmesoma watu 17. Waliojibu ni Neema peke yake.

20:49 Mama Joshua: Kila mtu aandike hapa anataka mita ngapi na hela anatuma lini. Fundi wa Makole ameshasema baada ya tarehe 10 hapokei kitambaa cha mtu. Ukumbi wa Area D tayari tumelipia nusu. Msinifanye niongee peke yangu kama redio.

20:58 Erasto: Mimi nataka jezi

20:58 Erasto: Fenerbahçe. Timu aliyochezea Samatta

21:00 Mama Joshua: Erasto, hii ni sendofu ya dada yako.

21:01 Erasto: Ndo nitaivaa siku hiyo shangazi

21:03 Dickson: Achana na Fenerbahçe, Galatasaray ndo baba lao pale. Njano na nyekundu

21:04 Erasto: Njano na nyekundu kwa pamoja?? Hiyo ni Yanga na Simba wamefunga ndoa. Kwenye ukoo huu haipiti

21:04 Dickson: 😂😂😂

21:05 Mama Happy: 😂😂

21:06 Mama Joshua: Wifi na wewe unacheka. Shughuli ni ya mwanao.

21:11 Mama Happy: Nacheka ndiyo. Hiyo rangi yenyewe nimeiona hapa kikundini kama wageni wengine.

21:12 Mama Joshua: Kijani cha zumaridi kilipitishwa kwenye kikao.

21:13 Mama Happy: Kikao cha nani?

21:31 Neema: Shikamooni wakubwa. Ndo naingia hotelini, leo tulikuwa tunafunga mafunzo mpaka jioni, vyeti, hotuba, picha. Shangazi kuna jambo. Lile soko kubwa la paa, Kapalıçarşı, Jumapili halifunguliwi.

21:32 Mama Joshua: Soko gani duniani linafungwa Jumapili?? Majengo hapa Jumapili ndo huwezi hata kupita!

21:34 Neema: Hilo hapo. Maelfu ya maduka chini ya paa moja na kesho yote kufuli. Laleli nako, kule wanakonunulia wafanyabiashara wa Kariakoo, wauzaji wa jumla wengi Jumapili wanapumzika.

21:35 Mama Joshua: Na wewe umejua lini?

21:36 Neema: Nilisema Jumanne shangazi. Panda juu kidogo utaona, niliandika baada ya Erasto kutuma ile video ya mbuzi.

21:37 Mama Joshua: _Ujumbe huu umefutwa_

21:40 Neema: Kwa hiyo kesho nimepanga hivi. Asubuhi nitembee Sultanahmet, Msikiti wa Bluu na Hagia Sofia viko jirani, unavuka bustani tu. Baada ya hapo nashuka Eminönü kwenye soko la viungo, lile liko wazi siku zote. Saa tisa nianze safari ya uwanjani, ni mbali na mjini, na ndege ni saa mbili usiku. Hagia Sofia sijaamua lakini, wageni tunalipishwa euro 25. Kwa hela yetu elfu sabini na kitu.

21:42 Mama Joshua: Elfu sabini kuangalia jengo!! Hizo si mita kadhaa za kitambaa? Neema, wewe umetumwa na ukoo.

21:43 Neema: Nimetumwa na ofisi shangazi 😅

21:50 Sospeter: Mimi niandikeni mita 5 za mama Brayani. Hela natuma kwa nani?

21:51 Mama Joshua: Kwangu, kama kawaida.

21:55 Mama Happy: Kama kawaida.

21:56 Mama Happy: Mimi naona safari hii kila mtu amtumie Neema mwenyewe. Yale mapazia bado tunayakumbuka.

21:58 Sospeter: Shemeji, mapazia yaliisha.

21:59 Mama Happy: Yaliisha kwako. Madirisha yangu ya mbele mpaka leo yana khanga.

22:00 Mama Joshua: Tusianze jamani. Nawaomba.

22:00 Sospeter: Mimi nilikuwa mbebaji tu. Aliyepokea hela anajulikana.

22:02 Erasto: _Stika_

22:03 Mama Joshua: Erasto nitakutoa kwenye kikundi.

*Jumapili*

06:52 Babu Hombolo: Mbukwenyi. Bwana Yesu asifiwe.

06:53 Dickson: Amina. Shikamoo Babu

06:53 Mama Happy: Amina Baba, shikamoo.

06:54 Sospeter: Amina. Shikamoo Baba

07:21 Babu Hombolo: Marahaba wote. Nimeyasoma mliyoandika usiku. Neema mjukuu wangu, habari za hilo jengo nilifundishwa chuoni Kongwa, na mimi nikawafundisha makatekista kwa miaka mingi. Mji huo sisi tuliuita Konstantinopoli. Kaizari Justiniani alilimaliza mwaka 537. Kuba lake nimelieleza kwa kuchora hewani kwa mikono, sijawahi kuliona. Wewe umefika mlangoni. Ingia. Hiyo elfu sabini nalipa mimi kwenye hela ya zabibu. Vitambaa hata Majengo vipo. Na habari ya mapazia, Jumamosi ijayo Sospeter, Mama Joshua na Mama Happy mje hapa Hombolo, saa nne asubuhi. Nimemaliza.

07:48 Mama Joshua: Sawa Baba.

07:49 Sospeter: Sawa Baba.

07:55 Mama Happy: Asante Baba.

08:30 Mama Joshua: Neema, utaingia saa ngapi na utatoka saa ngapi?

09:40 Neema: Shikamoo Babu, nimekuelewa. Nimetoka Msikiti wa Bluu sasa hivi. Minara sita, kuingia bure, unavua viatu, na kama huna mtandio wanakuazima mlangoni. Niko kwenye foleni ya Hagia Sofia, imezunguka mpaka kwenye bustani.

09:41 Neema: _Picha_

09:44 Dickson: Mbona paka wengi hivyo

09:44 Neema: Mji wa paka huu. Wanalala mpaka kwenye viti vya mgahawa na hakuna anayewafukuza

09:45 Erasto: Wangekuja Nkuhungu wangejua hawajui

10:38 Neema: Nimeingia Babu. Tangu 2020 imerudi kuwa msikiti, kwa hiyo chini ni kwa wanaoswali, sisi watalii tunapandishwa ghorofani. Kuba ukilitazama unashika ukuta kwanza. Chini yake kumezungushwa madirisha 40, mwanga unapita katikati, unaona kabisa halijashikwa na kitu. Kwenda juu mita 55. Nimejaribu kupiga picha, haliingii kwenye simu.

10:39 Babu Hombolo: Na michoro ya vigae ipo?

10:44 Neema: Ipo hukuhuku juu. Nimesimama mbele ya Kristo sasa hivi, Mariamu upande mmoja, Yohana Mbatizaji upande wa pili, nyuma yao dhahabu tupu. Sehemu ya chini yote imebanduka, umebaki ukuta mtupu. Nyuso ndo zimepona.

10:46 Babu Hombolo: Uso wa Yohana una huzuni au hauna?

10:49 Neema: Unayo Babu. Nyusi zimepanda katikati, mashavu yameingia ndani. Ukisogea kabisa unaona ni vipande vidogo vidogo kuliko punje ya mtama, na kila kimoja kina rangi yake. Kwenye shavu wameweka mpaka vya kijani.

10:51 Babu Hombolo: Asante.

10:53 Neema: Halafu kuna ukingo wa marumaru umekwaruzwa maandishi. Wanasema aliyekwaruza ni askari wa kutoka kaskazini ya Ulaya, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kinachosomeka ni jina lake tu, Halfdan.

10:54 Erasto: Kumbe wale wanaochora majina kwenye viti vya daladala wana asili yao 😂

10:55 Dickson: "Halfdan wa Ipagala, 2014"

11:02 Mama Joshua: Tumefurahi wote. Sasa ni saa tano. Hiyo Eminönü ni mbali?

11:10 Neema: Vituo vitatu vya tramu shangazi. Nashuka.

12:17 Neema: Niko soko la viungo. Watu hapashikiki. Kila duka wanakuonjesha, nimeshakula pistachio na zile peremende laini za unga mweupe mpaka njaa imeisha. Mama Mkubwa, ile zafarani uliyoagiza: Mturuki niliyekuwa naye kwenye mafunzo alinionya, zile zilizorundikwa kwenye beseni bei chee sio. Ya kweli wanapima kwa gramu na wanaifungia kwenye kikopo. Nikuchukulie gramu ngapi?

12:19 Mama Happy: Ndogo tu mwanangu, ya pilau la siku ile.

12:20 Mama Joshua: KITAMBAA

12:34 Neema: Vya kupima mita sijaona duka lililo wazi. Ila nyuma ya soko kuna mzee anauza mitandio, myepesi, ina pindo zuri. Lira 150 mmoja, kama elfu tisa na kitu. Akina mama wa ukoo wangevaa mitandio inayofanana, nguo kila mtu yake. Natuma video.

12:35 Neema: _Video_

12:37 Mama Joshua: Wazo zuri. Nimekiona hicho kijani cha pembeni, chukua 14.

12:38 Mama Happy: Hicho sio zumaridi, hicho ni mchicha.

12:38 Mama Joshua: Wifi ni simu yako ina mwanga mdogo.

12:39 Mama Happy: Simu yangu nzima. Nilinunua mwenyewe.

12:46 Happy: Shikamoo mama, shikamoo shangazi. Naomba niseme kidogo. Mimi kijani sijawahi kusema. Nilisema damu ya mzee.

12:47 Erasto: Weeeee

12:47 Dickson: Bibi harusi ameamka

12:49 Mama Joshua: Happy, ulisema lini na ulimwambia nani?

12:50 Happy: Nilimwambia mama.

12:53 Mama Happy: Na mimi ningesemea wapi? Kikao sikuitwa.

12:58 Neema: Damu ya mzee ipo. Kijani ipo. Semeni basi, huyu mzee ameshanipa chai ya pili, vile vigilasi vyao vya kiuno chembamba, naona aibu kuondoka mikono mitupu. Na simu ina asilimia 12.

13:01 Mama Joshua: Kijani. Mapambo ya ukumbi yameshaagizwa kwa kijani.

13:01 Mama Happy: Damu ya mzee.

13:02 Sospeter: Chukua saba saba yaishe

13:03 Mama Joshua: Sospeter, nani amekuuliza? Sare ya rangi mbili umeiona wapi?

13:04 Mama Happy: Kwenye jambo hili naona Sospeter ameongea vizuri.

13:05 Erasto: Historia imeandikwa leo

13:07 Neema: Mkumbuke begi linaruhusiwa kilo 30, asubuhi nimepima lina 26 na bado hivi viungo. Na hela iliyonifikia mpaka sasa ni ya Baba Mdogo tu. Aliituma jana usiku.

13:09 Mama Joshua: Sospeter ulituma moja kwa moja?

13:24 Sospeter: Ndiyo dada.

13:50 Mama Joshua: Neema umechukua ngapi?

14:22 Mama Joshua: Neema?

14:41 Neema: Samahani, nilipanda feri kuvuka upande wa Asia mara moja, nisingeondoka bila kuvuka. Ni dakika ishirini hivi, nimegusa ardhi nikarudi. Nawahi begi hotelini halafu uwanja wa ndege. Mitandio nimechukua baadhi. Simu inazi

14:42 Mama Joshua: Baadhi IPI? Kijani au nyekundu?

14:43 Happy: Damu ya mzee shangazi, sio nyekundu.

14:43 Mama Joshua: Neema?

14:50 Mama Joshua: Tiki moja.

15:30 Babu Hombolo: Dickson amenionyesha picha ya kuba. Ile iliyokatika.

15:31 Dickson: 🙏

17:05 Mama Joshua: Neema anafika Dar alfajiri, halafu anakuja na treni ya mchongoko. Nani anampokea stesheni kesho? Naomba mtu mmoja tu ajibu.

17:40 Erasto: Mimi nipo na bodaboda. Ila begi la kilo 30 na Neema na jezi yangu sijui

17:41 Mama Joshua: Hakuna jezi.

17:58 Sospeter: Kesho nina kikao mpaka mchana. Labda akifika jioni

18:20 Mama Joshua: Wengine? Naona tiki za bluu.

22:16 Baba Happy Manyoni: Poleni na majukumu. Ndo nashika simu sasa hivi, huku mtandao ulikuwa shida. Niandikeni mita 4, rangi yoyote. Hela natuma kwa nani?

22:18 Mama Happy: Baba Happy usitume kwanza.