Kwenda sokoni wakati wa korona: ulikuwa ukiogopa nini hasa? Tupeane uzoefu

BintiMakadara
Salaam wanajamvi. Asubuhi nimepita mbele ya duka moja hapa mtaani Mombasa nikaiona ile miduara ya rangi ya manjano tuliyochorewa chini mwaka 2020, kila mtu asimame kwenye wake akingoja zamu. Imefifia lakini ipo. Mwanangu akaniuliza ni ya mchezo gani, akaanza kuirukia. Mimi tumbo likanisokota.

Nauliza wenzangu: kutoka tu kwenda kununua unga na mafuta, wewe ulikuwa ukiogopa nini? Naanza mimi: noti. Watu sikuwaogopa sana kama nilivyoiogopa chenji. Sarafu nazitumbukiza kwenye sabuni ya unga, noti naziosha na kuzianika kwenye kamba kwa vibanio, pamoja na soksi za watoto. Mume wangu akawaambia majirani kuwa mkewe amefungua benki.

Jirani_wa_Umoja
Hahaha, afadhali wewe uliosha. Dada yangu alizipiga pasi. Mia mbili ikatoka imejikunja pembeni, konda akaikataa.

Mzee_Kijiwe
Noti za nini? Machi ileile walifuta makato ya kutuma kwa M-Pesa mpaka shilingi 1,000, tukawa tunalipia hata dania kwa simu. Tatizo lilikuwa mama mboga wetu. Kila ukimwambia "nakutumia", simu yake haina chaji.

Jirani_wa_Umoja
Mzee, huyo alikuwa na mkopo kwenye laini. Pesa ikiingia tu inakatwa. Usimlaumu.

FundiRamani
Mimi rungu la polisi. Korona nilikuwa naisikia redioni, lakini rungu nililiona kwa macho yangu. Kafyu ilianza Ijumaa tarehe 27 Machi, saa moja jioni uwe ndani. Sasa mtu unatoka kazini Inda, kule viwandani Nairobi, saa kumi na moja, matatu ya abiria kumi na wanne inabeba wanane, nauli imepaa, foleni ya stejini inazunguka kona. Unashuka saa moja kasorobo, na nyumbani umeambiwa hakuna unga. Upitie dukani au ukimbie?

Siku moja nikapitia. Natoka na pakiti ya kilo mbili kwapani, nasikia nyuma yangu "Wewe!" Sikugeuka kuuliza ni mimi yupi. Niliruka mtaro, pakiti ikapasuka kifuani. Nimefika nyumbani mweupe mpaka kwenye viatu, nahema, na neno la kwanza la mke wangu: "Na huo wa kupika uko wapi?"

Zuhura_K
Kweli tupu. Saa moja kasoro ndiyo ilikuwa saa yenyewe.

Kidume_Tabata
Wakuu wa Kenya mnanichekesha. Huku Dar Kariakoo ilikuwa wazi mwanzo mwisho. Ndoo ya kunawia mlangoni, daladala levo siti, hakuna kusimama, mchana kazi, jioni nyungu ya kujifukiza. Hofu ndiyo iliyoua watu kuliko ugonjwa.

Mzee_Kijiwe
Na rais wenu Magufuli akasema papai limepimwa likakutwa na korona. Endelea mkuu.

Kidume_Tabata
Papai ilikuwa hoja ya vipimo, kasome upya. Na nyie mlijifungia mkapata nini?

FundiRamani
Tulijua tuko wangapi. Hesabu yenu ya wagonjwa iliganda kwenye 509 mwezi Mei ikalala hapo.

DadaWaIlala
Kidume, usiseme kwa niaba yetu sote. Mimi nilikuwa Dar hiyohiyo na mama mwenye pumu ndani. Hofu yangu ilikuwa mara mbili, maana niliogopa peke yangu. Wenzenu huko mna tangazo, mna kafyu, mna mtu wa kumlaumu. Mimi naingia Kariakoo na barakoa yangu, muuza vitunguu ananiuliza, "Dada, kwani unaumwa?" Wenzake wanacheka. Nikirudi nyuma hatua moja nimkwepe huyu, namkanyaga yule. BintiMakadara alikuwa na mduara wa kusimama, mimi nilikuwa na kiwiko cha mtu mbavuni.

Na tangawizi! Malimao! Kila mtu anayataka ya kujifukizia, bei inapanda ukiwa umesimama hapohapo unatazama. Nikawa natafuta mtaa wenye genge dogo, nakwenda jua likiwa kali, mchana wa saa saba, watu wakiwa wamejikunyata vivulini. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa ananizomea: "Mwanangu unaniletea nyanya zilizopikwa na jua."

Kidume_Tabata
Pole dada. Lakini si hamkuugua?

DadaWaIlala
Sijui. Nani alitupima?

Bi_Maskati
Huku Oman walitufungia Matrah, hapa Maskati, tarehe 1 Aprili. Mimi sikuogopa, kwa sababu sikutoka, alitoka mume. Natuma dania analeta nanaa. Natuma tui analeta maziwa ya kopo. Hiyo ndiyo ilikuwa korona yangu.

MamaWaWatatu
Nasoma uzi huu kimyakimya, sikutaka kuandika. Lakini BintiMakadara umetaja miduara.

Mimi nakaa Kibokoni, Mji wa Kale hapa Mombasa. Tarehe 6 Mei 2020 ikatangazwa kuwa Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, hakuna kuingia wala kutoka, na masoko na mikahawa ifungwe. Ramadhani ndiyo imefika katikati. Mume wangu alikuwa Mtwapa, na tangu Aprili kaunti nzima ya Mombasa ilikuwa imefungwa, kwa hivyo yeye kule, mimi huku na watoto watatu, mdogo bado ananyonya. Sina wa kumtuma. Baada ya alasiri, kama kuna la kununua, namwachia mkubwa amshike mdogo, nafunga mlango kwa nje, nashuka ngazi nikisoma kila dua niijuayo.

Niliogopa kupimwa kuliko kufa. Mtaani watu waligoma kupimwa kwa sababu walisikia ukikutwa nayo unachukuliwa hapohapo, na waliotiwa karantini mwanzoni walilipishwa kwa siku, hata shilingi 2,000 na zaidi. Nikichukuliwa mimi, wanangu wanabaki na nani?

Basi siku hiyo tumo kwenye foleni, saa kumi na moja, saumu imetubana koo. Mbele yangu kuna mzee mmoja muuza kahawa, tunamjua sote. Nikaona kikoi kinamtetema miguuni. Akakaa chini. Halafu akalala.

Mtu akapiga ukelele: "Korona!" Foleni yote ikatawanyika, makubadhi yakabaki. Na waliokimbia ni watu waliokunywa kahawa yake miaka na miaka. Mwenye duka akashusha shata, akabakisha upenyo tu chini. Nikabaki mimi, na msinipe ushujaa, ni miguu iliyokataa. Mzee ananitazama. Anasema neno, barakoa inalimeza. Nikasogea mpaka ukingo wa mduara wangu nikasimama. Yaani mtu yuko chini, na mimi bado naheshimu mstari wa rangi! Akarudia: "Sukari." Nikadhani anataka nimnunulie sukari. Kumbe ana ugonjwa wa sukari, na imemshuka.

Hapo nikavuka. Nikampigia kelele mwenye duka atoe soda. Akaisukuma kwa mguu chini ya shata, ikaja ikibingirika barabarani. Nilimshusha mzee barakoa kwa mikono yangu hii, kijana mmoja hamali akaja akamwinua mgongo, akanywa kidogokidogo mpaka macho yakamtulia. Nainua kichwa, roshani zote zimejaa watu wanatutazama. Mwanamke mmoja anamwonyesha mwenzake nyumba yangu kwa kidole.

Niliondoka bila unga. Nimefika, mtoto analia ziwa, na mimi siingii chumbani mpaka nikoge, nikoge tena. Buibui nililiroweka kwenye jiki likatoka rangi ya kutu, nikalitupa. Tulifuturu uji. Usiku nikawa najishika kipaji cha uso, naona kina moto, naamka namshika mtoto, naye namwona ana moto. Kila pikipiki ikipita chini najua ndio wamekuja.

Hakuja mtu. Sikukohoa hata siku moja. Idd tuliswali nyumbani, misikiti imefungwa, na yule mzee akaniletea halua kwa mkono wa hamali. Halua ya kupakiwa vizuri, bado ina uvuguvugu. Mnajua niliifanyaje? Niliiweka juu ya kabati niiache kwanza "virusi vife". Asubuhi nimekuta karatasi tupu na watoto wana midomo inayong'aa.

Zuhura_K
Subhanallah.

Jirani_wa_Umoja
Nimesoma nimesimama stejini, matatu imeniacha. Mzee yu hai?

MamaWaWatatu
Yu hai, alhamdulillahi. Kahawa anauza mwanawe, yeye anakaa pembeni kugombana na wateja.

Muuguzi_Mstaafu
Hadithi nzuri lakini naomba mtu asijifunze vibaya. Aliyezimia hapewi kinywaji, kitampalia. Mlaze ubavu, tafuta msaada.

MamaWaWatatu
Hakuwa amezimia. Alikuwa anasema na anameza.

Muuguzi_Mstaafu
Basi hapo sawa, soda yenye sukari ndiyo yenyewe. Nimesema kwa ajili ya wasomaji.

Ustadhi_wa_Mtandaoni
Na saumu yake?

BintiMakadara
Mgonjwa ana ruhusa ya kula, ustadhi, na wewe unalijua hilo. Tuondokee.

Mshuku_Wote
Samahani, mimi kuna kitu hakiniingii. Mmesema masoko yalifungwa, sasa foleni hiyo ilikuwa ya nini?

MamaWaWatatu
Soko na duka la chini ya nyumba ni kitu kimoja? Ulitaka tule mawe?

Mshuku_Wote
Nimeuliza tu.

FundiRamani
Uliza kwa heshima. Huyu mama amesimama pale mlipokimbia nyinyi.

Mshuku_Wote
Mimi sikuwepo Mombasa kabisa, nikimbie vipi?

Mpwa_wa_Kampala
Naombeni niwatoe Mombasa kidogo. Huku Uganda ilikuwa kinyume: waliofungiwa sokoni ni wauzaji. Rais aliagiza muuza chakula asiende nyumbani, alale palepale. Ukiingia soko la Nakasero asubuhi unakuta vyandarua vimetundikwa juu ya mafungu ya matoke, mama anatoka ndani ya chandarua anakuuzia nyanya. Mimi hofu ilinigeukia ikawa aibu. Nitampunguzaje bei mtu ambaye hajawaona watoto wake? Nililipa nilichoambiwa. Na kurudi ni kwa miguu, maana magari ya watu binafsi yalizuiwa na boda walikatazwa abiria, mizigo tu. Jirani yangu mnene alitaka ashonewe ndani ya gunia asafirishwe kama mkaa.

Kidume_Tabata
Hahaha hiyo ya gunia nimeipenda. MamaWaWatatu, umeninyamazisha, nakiri hadharani. Swali kwa wote: ikija nyingine, tufanyeje kuhusu chakula?

Mzee_Kijiwe
Gunia la mahindi, gunia la maharage, funga mlango.

Zuhura_K
Na dumuzi atafungiwa nje? Nunua kidogokidogo. Waliojaza matoroli Ijumaa ile ya tarehe 13 Machi, kisa cha kwanza kilipotangazwa Kenya, ndio waliopandisha bei kwetu sisi wa kibaba.

Jirani_wa_Umoja
Atumwe mtu mmoja tu wa nyumba, yuleyule kila siku.

Bi_Maskati
Asiwe mume.

DadaWaIlala
Nendeni saa saba mchana.

BintiMakadara
Saa saba wakati wa Ramadhani, shoga? Nenda alfajiri, mara kafyu ikifunguliwa.

FundiRamani
Alfajiri rungu bado lina joto. Subiri kupambazuke.

Mpwa_wa_Kampala
Limeni sukuma kwenye ndoo. Mimi ninayo mpaka leo.

Kidume_Tabata
Na mboga za kununua? Kuna jamaa alikuwa anaziloweka kwenye jiki.

Muuguzi_Mstaafu
Jiki si ya kula! Maji safi yanayotiririka yanatosha kwa mboga, sabuni ni ya mikono. Tulipokea watu waliojiumiza tumbo na koo kwa dawa za usafi kuliko mnavyofikiri.

Mzee_Kijiwe
Mimi mayai nilikuwa nayaosha kwa sabuni, trei nzima, nayapanga upya.

Zuhura_K
Mayai hayaoshwi yakawekwa. Yakioshwa yanaharibika upesi. Osha unapotaka kupika.

Mzee_Kijiwe
Nani kasema? Marekani mayai yote yanaoshwa kabla ya kwenda dukani.

Zuhura_K
Na yakishaoshwa yanakaa kwenye friji. Wewe una friji?

Mzee_Kijiwe
Ninayo. Sina stima.