Mesh ya pikipiki tuliyouziwa: ofisi inasikika kote, yenyewe haisikii mtu

Wadau, mniwie radhi, leo naandika nikiwa moto. Kikundi chetu cha boda za kusambaza mizigo hapa Umoja, Nairobi, kilichanga pesa kikanunua redio za mesh, zile zinazopokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe: moja juu ya paa la ofisi, ndogo kwenye kila pikipiki, tuwasiliane bila bando. Muuzaji akaapa eti njia zinajitafuta zenyewe.

Jana jioni kijana wetu kasimama Buruburu na mtungi wa gesi, anangoja ofisi imtumie namba ya nyumba. Dakika 40! Na taa zote nne za redio yake zinawaka kijani. Zisiwakeje? Redio ya paani inapaaza kwa nusu wati, yake inanong'ona kwa miliwati 50. Pengo la desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Anaisikia ofisi, ofisi haimsikii.

Nikachimba kumbukumbu za redio. Kumbe zinatumia AODV, utaratibu wa kutafuta njia pale tu ujumbe unapotaka kutumwa. Ofisi inatangaza ombi la kutafuta njia, Buruburu inalidaka moja kwa moja, inajibu kwa kulekule lilikotoka, jibu linafia hewani. Nakala ya ombi lilelile iliyopitia kwa mwenzake wa Mutindwa, anayesikilizana na wote wawili vizuri kabisa, inafika nyuma kidogo na kutupwa kama marudio. Ofisi ikiomba tena, ni yaleyale.

Na mtu asiniambie ni ugumu wa teknolojia. RFC 3561 ya Julai 2003, waraka wenyewe unaoeleza AODV, ina dawa: jibu likishindwa kufika, mtie jirani huyo kwenye orodha nyeusi kwa muda, puuza maombi yanayotoka kwake moja kwa moja. Hapo nakala ya Mutindwa ingepita. OLSR, utaratibu mwingine wa kutafuta njia wa mwaka uohuo, haikutumii kama njia hadi salamu zenu zithibitishe mnasikiana. Hawa jamaa waliotuuzia, ile orodha nyeusi wameizima.

Nimempigia muuzaji. Ushauri wake? Tununue antena kubwa ya paani. Bwana, antena inaongeza kusema na kusikia kwa kiasi kilekile! Pengo linabaki 10, na ofisi inaanza kuwahadaa hata walio mbali zaidi. Nikamwambia tupunguze nguvu ya paani basi. "Hiyo imefungwa," na nenosiri hatoi.

Mtungi ulirudi dukani saa tatu usiku. Kuna mtu humu amewahi kuwasha hiyo orodha bila nenosiri la muuzaji? Aniandikie hapahapa.