Seli ya tope imeshuka kutoka 0.9 hadi 0.3, nisaidieni

Kijana_wa_Dunga: Wadau, niko Kisumu. Nimetengeneza seli ya bakteria, yaani betri ambayo umeme wake hutolewa na bakteria wa tope: tope la ziwa na molasi ndani ya ndoo, kaboni moja imezama, nyingine iko juu inapata hewa. Ni kaboni za betri kuukuu za tochi, nikazitibu ili bakteria wazishike. Siku ya kwanza mita ilisoma volti 0.9. Leo, wiki ya tatu, 0.3. Niongeze molasi? Usingizi sipati.

Mama_Ahero: Molasi mpe ng'ombe, mwanangu. Wangu aligoma kula majani makavu, nikayanyunyizia molasi kidogo, akalamba hadi karai.

Fundi_Kondele: Ulizitibu na nini?

Kijana_wa_Dunga: Njia ya kawaida tu.

Fundi_Kondele: Ipi? Kuna wanaooka kitambaa cha kaboni nyuzi 450 hivi kwa nusu saa, kuna wa asidi.

Kijana_wa_Dunga: Asidi ya betri ya gari, usiku kucha. Sikusuuza, nisije nikaondoa dawa yenyewe.

Fundi_Kondele: Asidi hubadilisha uso wa kaboni upende maji. Ikimaliza, huoshwa hadi litimasi, ile karatasi ya kupima asidi, isigeuke rangi. Hapo umewaua bakteria.

Kijana_wa_Dunga: Mbona ilisoma 0.9? Na ndoo 40 nishaagiza kwa pesa za chama. Nitawaambia nini?

Mwalimu_Mstaafu: Pesa za chama ni amana, kijana. Wanachama waliambiwa?

Jirani_Nyalenda: Hii imetungwa. Bakteria huchukua siku kadhaa kujishikiza, wewe 0.9 siku ya kwanza? Seli moja ya hivi ni nadra kupita 0.8. Leta picha.

Kijana_wa_Dunga: Situngi! Picha hiyo hapo. Kaboni ya chini nimeifunga kwa waya wa kuanikia nguo.

Fundi_Kondele: Basi ni kweli, hakutunga. Waya huo umepakwa zinki, nao umezama. Tazama ulivyolika, umebaki kutu. Zinki, kaboni na asidi: umeunda upya betri ya tochi uliyoivunja. Zinki ikiisha, umeme nao unaisha. Suuza kaboni, tia tope jipya, kichwa cha kaboni kitokeze juu, waya ufungie pakavu. Kisha pima ukiwa umeunganisha kaboni mbili kwa rezista, kile kifaa cha kuzuia umeme, ya omu 1,000.

Kijana_wa_Dunga: Nimefanya. Inasoma 0.02. Mwenye ndoo amekubali kusimamisha 30, kumi alishazitoboa. Chama tunakutana Jumapili, nitawaeleza yote.