Kutoka mto Severn hadi mfereji wa Walsall: je, inafaa?

Mkazi wa Midlands:
Ndugu zangu, mwenzangu ana mashua nyembamba ya mita 17, nasi tunakusudia kuipeleka, huku Uingereza, kutoka Gloucester kwa mto Severn hadi Worcester, kisha tupande mfereji hadi Birmingham na kumalizia Walsall. Mto unatutia wasiwasi, lakini zaidi tunaonywa kwamba mfereji wa Walsall umetelekezwa na umejaa taka. Je, tuuache mfereji huo?

Mzee wa Usukani:
Mwanangu, mto usiudharau. Mvua ikinyesha Wales, maji ya Severn hupanda hata kama kwenu kumekavu, kwa hiyo nanga iwe tayari sitahani, na mkondo ukiwa mkali msubiri. Malango ya maji ya mtoni, yaani vyumba vya kupandisha na kushusha mashua, huendeshwa na walinzi kwa umeme. Mkishaingia mferejini pale Diglis, mjini Worcester, kazi yote ni ya mikono yenu. Hadi Birmingham kuna malango 58, na 30 kati ya hayo yanafuatana pale Tardebigge.

Binti Mferejini:
Shikamoo Mzee. Kuhusu Walsall, kaka, mimi nasema nendeni. Mfereji ule ulichimbwa kwa ajili ya makaa ya mawe na chuma. Biashara hiyo ilipokufa mashua zikapungua, na mahali pasipopita mashua tope hujikusanya, kina kikapungua, wapitaji wakazidi kuogopa. Shikeni katikati ya mfereji, mwende polepole, kwa sababu mashua ikikimbizwa kwenye maji mafupi tako lake huzama na kukokota chini. Rafadha, yaani panga linalosukuma mashua, ikinasa nguo au waya, jaribuni kwanza kurudi nyuma. Ikishindikana, zimeni injini, ufunguo uwe mfukoni mwa yule atakayeingiza mkono, ndipo mfungue kifuniko cha nyuma kilicho juu ya rafadha na kukata kwa kisu. Msisahau ufunguo maalumu wa malango yaliyofungwa dhidi ya waharibifu, maana bila huo hamtasogea.

Mkazi wa Midlands:
Ahsanteni sana. Na tutarudi kwa njia ileile?

Binti Mferejini:
Hapana, hiyo itakuwa adhabu. Mtashuka malango 8 ya Ryders Green, mtapanda mengine 8 mjini Walsall, kisha mfuate mfereji wa Wyrley na Essington hadi Wolverhampton, ambako njiani hamna lango hata moja, ila kona ni nyingi mno. Kutoka hapo mrudi Birmingham kwa mfereji mkuu alioonyoosha mhandisi Telford, njia pana na yenye kina. Usiku wa Walsall fungeni mashua kwenye bandari ndogo iliyo kando ya jumba la sanaa, msilale njiani.