Mjadala: Je, asili ya jina la chakula ndiyo iamue matumizi yake?

Ndugu wachangiaji,

Hoja iliyo mbele yetu inataka vitabu vya shule na mbao za bei za masoko ya hapa Dodoma zitumie yale majina ya vyakula ambayo asili yake inajulikana na ambayo yamo katika kamusi, na kwamba majina ya mikoani yabaki jikoni. Naipinga, ingawa naelewa ilikotoka: tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa wingi mwaka 2016, wanunuzi wa kila mkoa wanakutana katika soko la Majengo na la Sabasaba, na lazima waelewane na muuzaji.

Nianze na asili, kwa kuwa ndiyo nguzo ya hoja yenyewe. Kwa Kiarabu, zabib, lilikotoka neno letu zabibu, ni tunda lililokwisha kukaushwa, na lile bichi lina jina lake jingine, inab. Tukishika asili, mkulima wa Hombolo au Makutupora anayeleta vichala vilivyokatwa asubuhi atakuwa anatangaza bidhaa asiyokuwa nayo. Hata hivyo, hakuna anayemsahihisha, na anayetaka zilizokaushwa husema zabibu kavu, biashara ikaendelea. Mahindi nayo yamebeba jina la Uhindini, ilhali chimbuko la zao hilo ni bara la Amerika, na lilifika pwani yetu katika zama za Wareno. Hao Wareno ndio waliotuachia pera, neno ambalo kwao ni tunda lile tunaloliita leo peasi. Asili ikiwa hakimu, basi nusu ya kapu la sokoni haina haki ya majina yake.

Kuhusu kamusi, nakubali kwamba lugha ya taifa inahitaji kipimo kimoja. Lakini kipimo hicho kina historia: Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilijenga usanifishaji wake juu ya Kiunguja, lahaja ya watu wanaoishi na mnazi. Ndiyo maana Kiswahili kinaweza kulifuata tunda moja tangu kidaka, kitale, dafu na koroma hadi nazi, bila mtu yeyote kulalamika kwamba majina ni mengi mno. Huku kwetu, ambako mvua ni chache na mnazi hauoti, ujuzi wa namna hiyo umelala katika nafaka za nchi kavu na majani ya porini.

Nafaka zimepata bahati, maana mtama, uwele na ulezi vimetenganishwa vizuri katika lugha sanifu. Kwenye mboga ndiko kwenye upungufu. Neno mlenda sasa linafunika mimea kadhaa inayoteleza ikipikwa, mingine ya kupandwa na mingine ya kuokotwa tu baada ya mvua za kwanza, na Kigogo kina majina yake, likiwemo ilende. Mama anayeuza majani yaliyokaushwa na kusagwa anajua vizuri ni lipi linalotaka magadi na ni lipi linaloungwa kwa karanga. Ubao wa bei unaandika mlenda, basi. (Mgeni aliyeonja aina moja akaichukia hutangaza kwamba hapendi mlenda wowote, jambo ambalo sisi wengine hatutalilalamikia sana, kwa kuwa linatuachia zaidi.)

Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza ni hiki: je, jina linatenganisha vitu ambavyo mnunuzi na mpishi wanavitenganisha? Likitenganisha, liandikwe, liwe la Kigogo, la Kirangi au la Kinyaturu. Lisipotenganisha, hatuna haja ya kugombana. Ubishi kati ya maharage ya huku bara na maharagwe ya Mombasa, kwa mfano, ni wa matamshi tu, na chungu ni kilekile.

Linalobaki kuamuliwa, na ambalo naomba wanaoipinga kauli yangu walijibu, ni namna ya kuyaingiza majina hayo. Mimi naona ilende iwe kidahizo (neno linaloorodheshwa na kuelezwa katika kamusi) kinachojitegemea, kisifichwe ndani ya maelezo ya mlenda, kwa sababu mwanafunzi atakayelitafuta neno hilo atalitafuta kwa herufi I.